Mama Mkwe Alipotaka Kutembezwa

Watembeza wageni wenzake walimwita Kasuku, na jina lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata karani wa ofisini aliliandika hivyo hivyo kwenye ratiba ya ukutani. Halikuwa tusi. Mtu anayesema maneno yale yale kwa miaka kumi na tisa, kwa lugha tatu, akivuta pumzi mahali pale pale na kutabasamu mahali pale pale, angeitwa nini kingine? Kila siku aliamka kabla ya jua, akafuta viti vya basi dogo la kampuni, akajaza chupa za maji kwenye sanduku la barafu, kisha akapita hoteli moja baada ya nyingine kuwachukua wageni waliokuwa bado wananukia mafuta ya kujikinga na jua. Halafu mzunguko unaanza: pango, bustani ya miti, maporomoko ya maji, mnara wa taa wa zamani. Jioni anawarudisha, wanamshika mkono, wanamwambia kisiwa chenu ni pepo. Naye anaitikia kwamba ndiyo, ni pepo, karibuni tena, huku nyayo zinamwaka moto ndani ya viatu.

Zamani aliipenda kazi hiyo. Miaka ya mwanzo aliongeza chumvi kila alipojisikia: leo binti mfalme wa pangoni ana nywele ndefu, kesho ana kilema cha mguu, na wageni wanasikiliza midomo wazi. Siku hizi hakuongeza wala kupunguza. Maneno yalitoka yenyewe, naye aliyasikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Nyumbani walianza kuona. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na chumba cha mbele kilikuwa karakana yake. Siku moja alipoinama kupita mlango mfupi wa jikoni, mumewe akamwambia, "Angalieni vichwa, tafadhali, na wenye miwani wavue." Mke alicheka mpaka akakaa chini. Mara nyingine binti yao, aliyekuwa kidato cha pili, alimwomba amsaidie zoezi la jiografia kuhusu kisiwa chao. Baba akamwaga yote, toka mwanzo hadi mwisho, na mahali ambapo wageni huwa wanacheka, akanyamaza kidogo kusubiri kicheko. Binti alimtazama, akafunga daftari taratibu, akaenda kumuuliza mwalimu.

Siku yake ya mapumziko ilikuwa Alhamisi moja kila wiki mbili. Hiyo hakumpa mtu. Alijilaza kwenye mkeka chumba cha nyuma, pazia limeteremshwa, hata usingizi hana, ila hataki kusema wala kusemeshwa. Binti aliita siku hiyo "Alhamisi ya bubu".

Sasa mama mkwe akaja.

Alikuwa amepika katika shule ya bweni miaka thelathini na moja, sufuria za kuingia mtu mzima, wanafunzi mia sita. Mwanamke wa mikono minene na sauti ya kufika uwanjani bila kipaza. Miaka yote kumi na minane ya ndoa ya binti yake hakuwahi kukanyaga kisiwani, kwa sababu aliogopa meli. "Kifo ni kifo," alikuwa akisema, "lakini nakitaka mahali pakavu." Alipostaafu, hofu ikamwisha ghafla, au labda alichoshwa na kukaa. Alishuka bandarini uso umempauka, sanduku lake limefungwa kamba, na jambo la kwanza alilolifanya baada ya salamu na maji ya kunywa ni kutoa mkobani kipeperushi kilichokunjwa mara nane.

"Mkwe wangu," alisema akikinyoosha juu ya meza ya cherehani, "huyu hapa si wewe?"

Kilikuwa kipeperushi cha kampuni. Katika picha, mtu alikuwa amewapa watazamaji mgongo, mkono ameunyoosha kuelekea maporomoko.

"Ni mimi, Mama. Ni mgongo wangu."

"Mgongo naujua. Mtaa mzima nimewaonyesha. Nimewaambia, huyu ndiye aliyemwoa binti yangu, anawatembeza wazungu na wahindi na wachina. Wakaniuliza, na wewe amekutembeza? Nikakosa la kujibu." Akakikunja tena. "Basi nimekuja kutembezwa. Pango, bustani, maporomoko na mnara. Kama wao."

Kasuku alikuwa na Alhamisi moja tu, na Alhamisi yenyewe ilikuwa keshokutwa. Lakini mkwe ni mkwe. Ukimnyima leo, utasikia habari zako kwenye kila harusi na kila msiba mpaka uzeeni.

"Mama ukitaka, mimi ni nani nikatae?" alisema.

Usiku ule mkewe alimnong'oneza, "Mpeleke pangoni tu, umrudishe. Miguu yake mibovu, hatafika popote. Halafu ulale."

"Nitalala," alisema, kama vile mtu asemavyo nitakuja.

Gari la kampuni halikuruhusiwa kwa safari za nyumbani, kwa hiyo aliazima pikapu ya jirani yao seremala, iliyonuka vanishi na kutapakaa vumbi la mbao hadi kwenye usukani. Mama mkwe alitandika khanga juu ya kiti, akakaa, akauweka mkoba mapajani, akatazama mbele kama bibi harusi. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani.

Walipofika pangoni, mlinzi wa lango alimwona akatoa meno yote nje. "Kasuku! Leo umeleta mmoja tu? Biashara imelala?"

"Ni mama yangu mkwe."

Mlinzi alifumba mdomo haraka, akavua kofia, akaamkia, "Shikamoo, mama." Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mama mkwe aliitikia marahaba kwa adabu zote, wakapita. Hatua kumi mbele akauliza, "Wanakuita Kasuku?"

"Ni utani wa kazini, Mama."

"Mm," alisema, na hiyo "mm" ilikuwa nzito kuliko swali.

Walisimama mdomoni mwa pango. Hewa ya baridi ilitoka ndani ikiwagusa vifundo vya miguu. Na papo hapo, bila kutaka, Kasuku alijikuta amesimama juu ya lile jiwe analosimamia siku zote, mikono nyuma, akianza: "Karibuni sana katika pango letu la ajabu. Jina langu naitwa…"

"Jina lako nalijua," mama mkwe alimkata. "Siku ya posa nililiuliza mara tatu. Endelea."

Alicheka kidogo, akaendelea. Akamweleza habari ya binti mfalme aliyekimbia kuozwa kwa nguvu, akajificha humu siku arobaini, mpaka baba yake akalainika moyo. Alipomaliza, akanyamaza kusubiri yale maswali anayoyajua: pango lina urefu gani, kuna popo, inaruhusiwa kupiga picha.

"Alikula nini?" aliuliza mama mkwe.

"Nani?"

"Huyo binti. Siku arobaini. Alikula nini? Nani alimpelekea? Moto aliwasha wapi, na moshi ulitokea wapi?" Alitazama dari la pango kwa jicho la mtu aliyehangaika na moshi maisha yake yote. "Mtu mmoja, milo miwili kwa siku, siku arobaini, ni milo themanini. Hiyo si habari ndogo."

Kasuku naye alitazama dari. Miaka kumi na tisa, maelfu ya wageni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza. "Sijui, Mama," alisema. "Hadithi niliikuta hivyo. Aliyenifundisha kazi naye aliikuta hivyo."

"Basi hadithi yenu haina jiko," alisema, akageuka. Hakusema kwa dharau. Lakini Kasuku alisikia uchovu wa namna nyingine, wa mtu aliyebeba mzigo mbali na sasa ndiyo anaambiwa auangalie ndani.

Bustani waliipita upesi, kwa sababu mama mkwe alisema miti anaifahamu. Saa tano walikuwa maporomokoni. Kutoka kwenye maegesho hadi chini kwenye maji kuna ngazi mia mbili na kumi na mbili, zimechongwa kwenye mwamba, zina utelezi, na upande mmoja una bomba la chuma la kushikilia. Kasuku alizijua hata akifumba macho: ya thelathini imemeguka, ya tisini ina benchi, baada ya hapo magoti ya wageni yanaanza kulalamika naye huwapa ule mzaha wake.

"Tushuke polepole, Mama. Shika bomba."

Walishuka. Yeye mbele, amegeuka upande ili amwone, mama mkwe nyuma, akihesabu kwa mdomo. Sauti ya maji ilikuwa inapanda kutoka chini. Jua lilikuwa limesimama wima. Kasuku alikuwa akieleza: mwamba, umri wa mwamba, jinsi maji yanavyopungua kiangazi, msanii aliyekuja kuyachora. Miguu ilikuwa inakwenda, mdomo unakwenda. Wakafika kwenye benchi, akatoa mzaha, akasimama kungoja kicheko.

Hakikuja. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi, anahema, anamtazama kwa macho ya mashaka.

"Mkwe," alisema, "unasema nami lugha gani?"

"Vipi, Mama?"

"Tangu kule juu unaongea Kiingereza. Nilifikiri kuna mtu nyuma yangu. Nimegeuka mara mbili."

Kasuku alitazama juu kwenye ngazi walizotoka. Alijaribu kukumbuka alichokuwa akisema na kwa lugha gani, na hakukuta kitu, patupu kabisa. Akakaa kwenye ngazi, chini ya miguu ya mkwewe, jambo ambalo siku nyingine asingethubutu, akafunika uso kwa viganja.

"Unaumwa?"

"Siumwi, Mama. Nimechoka."

"Kuchoka nakujua. Huku si kuchoka."

Basi pale kwenye ngazi ya tisini, kelele za maji zikiwa zinamficha, Kasuku alitoa jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mkewe.

"Mwezi uliopita nilimsahau mtu," alisema. "Kwenye mnara wa taa. Nilihesabu wageni, nikaona kumi na mmoja, nikaandika kumi na mmoja, nikawasha gari. Ndani walikuwa kumi. Aliyebaki ni mzee mmoja, alikuja peke yake. Nilikuwa nimeshawashusha karibu wote ndipo nikaona kofia yake kwenye kiti."

"Ukarudi?"

"Nilirudi. Saa mbili nzima zilikuwa zimepita. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha mnara, amekuwa mwekundu kama pilipili. Nikajua sasa nitatukanwa, na nilitaka anitukane. Hakunitukana, Mama. Aliniangalia akaniuliza, 'Wewe uko salama?' Mimi! Yeye ndiye aliyeachwa juani." Aliondoa viganja usoni. "Bosi alinipa barua ya onyo. Nimeificha kwenye kifuniko cha mashine mbovu ya kushonea, ile isiyotumika. Binti yako hajui."

Kundi la vijana wa kigeni lilipita likishuka mbio, linacheka, likawaruka kama mawe. Mama mkwe alingoja wapite.

"Mwaka wangu wa ishirini na mbili jikoni," alisema, "nilitia chumvi kwenye maharage mara tatu. Nilitia, nikasahau, nikatia, nikasahau, nikatia. Watoto mia sita. Walikunywa maji ya tangi mpaka likaisha. Mwalimu mkuu akaniita."

"Ukasemaje?"

"Nilidanganya. Nilisema chumvi ya mwezi ule ilikuwa kali, kosa la kiwanda. Wakaniamini, nikaendelea kupika miaka tisa mingine, na katika miaka hiyo tisa sikumbuki siku hata moja. Mjukuu wangu mwingine, si huyu wenu, alizaliwa, nikaambiwa, nikasema vizuri, nikageuza mwiko." Alijifuta shingo kwa ncha ya khanga. "Usinifuate mimi. Inuka twende garini."

"Hatujaona maporomoko, Mama. Bado ngazi mia na ishirini na mbili."

"Nayasikia. Yanatosha."

Kupanda ndiko kulikuwa kazi. Walipumzika mara sita. Mara mbili yeye alimvuta mkwewe, na mara moja, asingependa watu wajue, mkwewe alimvuta yeye. Kule juu, pikapu ikiwa kivulini ukutani mwa vyoo vya wageni, Kasuku aliingia akataka kuwasha kuelekea mnarani. Mama mkwe alichomoa funguo akazitia mkobani.

"Lala," alisema.

"Mama, haiwezekani mimi nilale wewe ukae juani."

"Si wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone? Mimi nimekuja. Pona basi."

Alitaka kubisha. Alikumbuka kuegemeza kichwa kwenye dirisha ili apange maneno ya kubisha, na alichokikumbuka baadaye ni kwamba jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa ukuta, shavu lake limeganda kwenye kioo, na saa yake inasema saa tisa na robo. Khanga ya mkwewe ilikuwa imetundikwa kwenye dirisha kama pazia. Nje, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kreti la soda na muuza vinywaji wa maegesho, ameshavua viatu vya kanisani. Dereva mmoja wa kampuni nyingine alikuja kugonga kioo akitaka kumwamsha Kasuku amtanie, na muuza vinywaji akasimulia baadaye jinsi mama yule alivyomkamata mkono hewani, akamwambia, "Baba, hapo pana mtu amelala," kwa sauti ya chini kabisa, dereva akarudi kinyumenyume mpaka garini mwake.

Walipokaribia nyumbani Kasuku akasema, "Mama, binti yako akiuliza tumeona nini?"

"Mimi nitasema tumeona pango na bustani, na ni kweli. Hayo mengine utasema wewe. Nakupa mpaka kesho jioni. Mimi siwezi kukaa na siri, inanipa gesi."

Ijumaa alifanya kazi kama kawaida, na jioni, kabla hajavua viatu, aliinua kifuniko cha mashine mbovu, akatoa barua, akaiweka mbele ya mkewe, juu ya sketi ya bluu iliyoshonwa nusu. Mkewe aliisoma yote mara mbili. Kisha akakasirika, na hakukasirikia kule kumsahau mzee wa watu. "Mwezi mzima!" alisema. "Mwezi mzima unalala kando yangu na barua! Mimi ni nani yako? Karani wa hoteli?" Alilia, akashona mstari mzima ukaenda upande, akaufumua. Mama mkwe alikuwa jikoni akigonga vifuniko vya sufuria bila sababu, ili wajue hasikilizi.

Jumatatu walikwenda ofisini wawili, mume na mke. Mwenye kampuni, mwanamama mwembamba mwenye simu mbili zilizoita kwa zamu, alisikiliza huku amezilaza kifudifudi, jambo ambalo Kasuku hakuwahi kuliona.

"Msimu umechachamaa," alisema. "Unanijia katikati ya msimu."

"Najua, Bosi. Lakini nisipopumzika nitamsahau mwingine, na safari hii itakuwa chini kwenye maji."

Bosi alitazama ratiba ya ukutani. Hakumpa alichoomba, yaani mwezi. Alimpa siku kumi, kuanzia wiki ya tatu, na baada ya hapo mizunguko minne kwa wiki badala ya sita au saba. Siku mbili nyingine angekaa mezani kupokea simu na kupanga magari. Mshahara ungepungua kidogo. Mkewe alisema sawa kabla yeye hajafungua mdomo.

Mama mkwe aliondoka siku moja kabla ya likizo kuanza. Walimwambia asubiri, mkwewe amtembeze vizuri sasa, mpaka mnarani. Akakataa. "Mgeni siku ya tatu mpe jembe," alisema, "na mimi nimekaa wiki tatu bila kulima. Nitafukuzwa kwa aibu." Bandarini aliishika mikono ya binti yake kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe, akapanda daraja la meli bila kutazama maji, macho ameyafunga, mjukuu akimwongoza kwa kiwiko kama kipofu. Kwenye kiti chake akafungua jicho moja, akawapungia dirishani.

Siku za kwanza za likizo Kasuku alilala. Si usingizi wa raha. Aliamka na jasho akitafuta viatu, akakumbuka, akalala tena. Siku ya tatu alikaa kibarazani akitazama watu wanapita, na jirani seremala akamsalimia akamwitikia, basi, hawakuendelea. Mkewe hakumsemesha bure. Siku ya tano alikuja mwenyewe chumba cha mbele, akavuta stuli, akakaa upande wa pili wa meza.

"Kuna kazi?" aliuliza.

Mkewe alimsukumia bakuli la vifungo na rundo la mashati ya sare. "Kila shati saba. Uzi uupitishe mara nne."

Alichukua dakika nzima kutia uzi kwenye tundu la sindano. Kifungo cha kwanza kilikaa upande, mke akakiona, akaendelea kushona. Nje watoto walikuwa wanatoka shule. Kasuku alikata uzi kwa meno, akachukua kifungo cha pili, na mpaka adhana ya jioni hakuna aliyekuwa amesema neno katika chumba kile, ila cherehani tu.